Siku Tisa za Chemchemi ya Babu Kamilo

Siku ya saba ya msiba wa Bibi Skolastika, wakati kina mama wanasuza masufuria ya uji nje na katekista amekwenda kwake kubadilisha shati, Editha aliniita chumbani akarudishia mlango. Chumba kilikuwa kilekile. Dirisha la mbao la ukubwa wa sinia, picha ya Bikira Maria iliyoliwa na unyevu upande mmoja, na harufu ya moshi na ulezi ambayo haitoki hata ukipiga chokaa mara ngapi. Nililala humo karibu mwaka mzima nikiwa na miaka ishirini na miwili, na kwa miaka mingi baada ya hapo nilihakikisha siingii tena. Nikija kijijini nilikuwa naishia uani, nasalimia, natoa sukari na sabuni, naangalia saa. Editha ni mjukuu wa marehemu, anasomea mazingira chuoni, na mwaka huu amerudi hapahapa kwao kufanya utafiti kwa ufadhili uleule ulionileta mimi. Alitoa karatasi kwenye begi lake akaziweka juu ya kitanda. Zilikuwa kopi za daftari.

"Mama mdogo, huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu," nikasema. Sikuhitaji hata kuvaa miwani.

Akashusha kidole kwenye mistari tisa. "Bibi amenisimulia mara nyingi kwamba babu alipofariki chemchemi ilifungwa siku tisa. Hakuna mtu aliyeteremka kule, hata mtoto. Lakini hapa kuna vipimo vya siku zote tisa. Sasa nani alipima?"

Nilimwambia tutazungumza baadaye, kuna watu wananisubiri nje. Hakukuwa na mtu yeyote anayenisubiri. Nilitoka, nikachukua sufuria lililokwisha kusuzwa, nikalisuza tena.

Ya kwetu na ya wazazi wangu nimeyaweka mahali pengine. Sura hii ni ya mwaka ule tu. Ufadhili wenyewe ulikuwa na jina refu lisilotamkika kwa pumzi moja, lakini chuoni tuliuita ufadhili wa wenyeji. Ulitolewa kwa mwanafunzi wa mazingira aliyezaliwa katika eneo linalochunguzwa, anayejua lugha ya wazee wa pale, akaishi nao na kupima anachotumwa kupima, kisha ada yake iliyobaki ililipwa yote. Hoja ilikuwa kwamba mtafiti mgeni hufichwa mambo, mtoto wa nyumbani hafichwi. Nilikuwa na mwenzangu darasani, Masanja, ambaye wazazi wake walikuja na ng'ombe kutoka Usukuma kabla hajazaliwa. Kitovu chake kimezikwa Laela na Kifipa anakiongea kunipita mimi. Yeye walimkataa. Walisema si mwenyeji. Alicheka akaniambia, "Nenda wewe mwenye nchi," na mimi nikacheka, maana nilikuwa nimepata. Msimamizi wetu alikuwa Daktari Nestori, mtu safi, mwenye kalamu mbili mfukoni na saa aliyoitazama unapoongea naye. Siku ya kutuaga mjini Sumbawanga alitusomea masharti. Kipimo ni kila asubuhi saa kumi na mbili. Ukikosa siku tatu mfululizo, ufadhili unasitishwa, na ada inabaki juu yako. Akavua miwani. "Ninyi wenyeji nawafahamu, mimi mwenyewe nimetoka huku. Msiniletee habari za misiba. Huku kila wiki kuna msiba." Tulicheka wote.

Nikapelekwa kwenye kijiji kimoja upande wa Mpui, nyumbani kwa Babu Kamilo, mlinzi wa chemchemi. Ukoo wao ndio uliokuwa na kazi hiyo tangu zamani: kusafisha jicho la maji kabla ya mvua, kukataza sufuria lenye masizi lisitiwe, kusuluhisha wanaogombana kwenye foleni. Mkewe kila mtu alimwita Bibi, hata wanawe, na ndiye aliyenipangia chumba kile, kitanda kimoja na binti yake Leokadia na mtoto wa Leokadia aliyekuwa bado ananyonya. Mtoto huyo ndiye Editha. Usiku tulikuwa watatu chini ya mablanketi mawili, na kuanzia mwezi wa tano ubaridi wa Ufipa unaingia kwenye mifupa, basi tulimweka mtoto katikati akatupasha moto sisi. Leokadia alikuwa rika langu kasoro miezi. Alikuwa na ulimi. Siku ya kwanza alinitazama ninavyokanda ugali wa ulezi akasema, "Mama, huyu mwenyeji wa wapi? Huu si ugali, huu ni udongo wa kukandikia." Akanyang'anya mwiko, na tangu siku hiyo yeye akawa anasonga, mimi nachambua maharage. Tulikula chini, jikoni, kwenye sinia moja: ugali mweusi wa ulezi, maharage, siku za bahati dagaa au kipande cha mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, aliyekaushwa. Babu Kamilo alikula uani peke yake ila alituita tumsimulie ya mjini. Mchana nilimfuata Leokadia shambani akanionyesha namna ya kufukia majani chini ya udongo kutengeneza yale matuta ya mviringo tunayoyaita intumba, yanayooza yakawa mbolea. Niliandika yote. Nilikuwa na bidii, sikatai.

Asubuhi niliteremka na Babu. Kutoka nyumbani unapita shamba la ulezi, unashuka bonde fupi, unakuta maji yanatoka chini ya mwamba na kukusanyika kwenye kisima kidogo kilichojengewa mawe. Katikati ya kisima kuna jiwe moja limesimama, lina mstari mweupe unaolizunguka kama mkanda. Nilitumbukiza ubao wangu wenye alama za sentimeta, nikasoma, nikaandika. Babu Kamilo alisubiri nimalize, kisha akalitazama jiwe na kusema neno moja tu, "Yapo," au "Yamechoka." Ubao wangu na neno lake havikupishana hata siku moja. Nilimwambia siku moja kwamba yeye angepaswa kulipiwa ada. Akauliza ada ni nini.

Kuta za nyumba ile ziliishia kabla ya kufika kwenye paa, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yalivuka kwenda kingine. Jioni moja nilikuwa nimejilaza, wao wakadhani nimelala, nikamsikia Bibi akimwuliza mumewe kwa Kifipa kwa nini msichana huyu anaandika maji kila siku, maji yanaandikwa? Babu akamjibu kwamba serikali haina macho ya kuliona jiwe letu, serikali inaona karatasi. "Mtoto huyu ndiye anayewapelekea jiwe." Nililala nimefurahi. Nilijiona mkubwa sana usiku ule.

Babu Kamilo alifariki mwezi wa sita, asubuhi, akiwa amevaa koti lake tayari kuteremka. Nilikuwa uani na ubao wangu. Asubuhi ile ilikuwa ya upepo, na nilishuka peke yangu nikapima, arobaini na moja, nikapanda mbio kuja kulia na wenzangu. Mchana wake wazee wa ukoo waliweka tawi la mti kukatiza njia ya chemchemi. Mlinzi akifa, chemchemi yake inafungwa siku tisa. Katekista alisalisha novena siku tisa hizohizo nyumbani, na hakuna aliyeweza kuniambia ipi ilianza, novena au tawi. Zilikuwa zimekwisha kuoana. Watu walikwenda kuchota mbali, kwenye mfereji wa bonde la pili, bila kunung'unika. Mimi nilimwendea mzee wa ukoo nikamwuliza kwa unyenyekevu kama naweza kupita dakika mbili tu, sitachota, nitapima. Hakukasirika. Alinitazama akasema, "Wewe si mgeni. Mgeni ningemruhusu, maana hajui."

Na mimi nilijua. Hapo ndipo palikuwa na shida yangu yote. Wangemleta mtu wa mbali angelivuka lile tawi bila kuliona, na siku tisa zake zingekuwa za kweli. Waliniajiri kwa sababu mimi ni mtoto wa huku, na mtoto wa huku halivuki tawi la msiba. Siku ya kwanza nikaacha mstari wazi kwenye daftari. Ya pili nikaacha. Ya tatu nikahesabu: kesho Daktari anaweza kutokea bila taarifa, kama alivyokuwa anapenda, akakuta siku tatu hazina kitu, na mimi nitajitetea na nini? Na msiba. Nilimsikia kabisa akivua miwani. Ningeweza kuandika maneno matatu tu, msiba, chemchemi imefungwa, nikamwachia Mungu. Sikuandika. Saa nane mchana, wakati nje wanaimba, nilikaa kwenye kitanda kile Editha alichomwagia kopi, nikajaza. Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba maji yasipochotwa hupanda. Basi nikayapandisha. Arobaini na mbili, arobaini na tatu, kila siku sentimeta moja, na siku zilizofuata nikaendelea hivyohivyo mpaka arobaini na tisa mara mbili, maana nilifikiri kupanda bila kusita kutatiliwa shaka. Pembeni niliandika: msiba kijijini, uchotaji mdogo. Hata uongo wangu niliusomea.

Siku ya tisa asubuhi tawi likaondolewa. Wazee wakateremka na Bibi Skolastika, na mimi nyuma yao na ubao. Ndipo nilipoelewa kwamba zile siku tisa hazikuwa heshima tu kwa marehemu. Zilikuwa kipimo. Maji yakiachwa bila kuguswa siku tisa, yanatakiwa yalifunike lile jiwe mpaka juu ya mkanda mweupe. Yakifika, chemchemi ina nguvu, mlinzi mpya anapewa kijiti na watu wanakunywa pombe ya ulezi. Yasipofika, kijiji kinaanza mapema kutafuta maji ya kiangazi. Tulisimama tukatazama. Mkanda mweupe ulikuwa juu, mkavu. Maji yalikuwa palepale yalipokuwa siku Babu alipofariki, pengine na kidole kimoja chini. Kisha Bibi akanigeukia, macho yamevimba kwa kulia, akasema polepole kwa Kiswahili ili nisikosee, "Maji hayajafika jiwe. Andika hivyo, mwanangu. Wapelekee wakubwa."

"Nitaandika, Bibi."

Niliutumbukiza ubao kwa sababu nilikuwa nimeushika. Arobaini. Siku ile kwenye daftari langu tayari kulikuwa na arobaini na tisa. Nikifuta moja lazima nifute zote, na wino wa kalamu haufutiki, na Daktari aliwahi kutuambia kwamba daftari lililofutwafutwa halina thamani. Nikajiambia nitaeleza kwa mdomo. Arobaini nikaiandika kesho yake.

Daktari Nestori alikuja mwezi wa saba. Alikaa kwenye kigoda cha marehemu, akafunua daftari, na kwa mara ya kwanza sikumwona akitazama saa. Alizisoma zile siku tisa mara mbili. "Umeona ulichokipata hapa? Wameacha kuchota, yakapanda. Wameanza kuchota, yakashuka. Hii chemchemi inajijaza haraka kuliko yoyote niliyoipima uwandani huku." Akanipa mkono. Leokadia alikuwa mlangoni na chai, akatabasamu kwa sababu nimesifiwa, ingawa hakusikia nimesifiwa kwa nini. Nilikuwa na nafasi pale, chai ikiwa inamiminwa. Nikamwuliza Daktari kama anaongeza sukari.

Mwezi wa nane niliitwa Sumbawanga kupeleka taarifa ya pili; ya kwanza Daktari alikuwa ameshaifikisha. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbini, mlango wa ofisi umeachwa nusu, na ndani mabwana wawili walikuwa wanapanga vijiji vya kuchimbiwa kisima kirefu. Vijiji vitatu, mashine ilikuwa inatosha viwili. Mmoja akataja kijiji chetu. Mwenzake akasema, "Hicho kitoe. Kina chemchemi ya uhakika, kuna binti amepima kila siku, nimesoma taarifa yake." Yule wa kwanza akauliza binti mwenyewe ni wa kuaminika? Nikasikia kicheko. "Ni mtoto wa hukuhuku. Nani atadanganya maji ya kwao?" Kisha nikasikia kalamu, au nadhani nilisikia, miaka yote hii nimeisikia sana kiasi kwamba siwezi tena kuapa. Kati ya benchi langu na mlango ule zilikuwa hatua nne. Nilizihesabu wakati ule, na nimerudi kuzihesabu nikiwa mtumishi wa ofisi hiyohiyo. Bado ni nne. Nilikaa. Niliogopa, hakuna neno jingine. Niliogopa ada, niliogopa kurudi nyumbani mikono mitupu, niliogopa ile miwani. Sikumwogopea Leokadia, kwa sababu haikunipitia akilini kwamba naye yumo kwenye karatasi ile.

Chemchemi ilikauka katikati ya mwezi wa kumi. Ubao wangu wiki za mwisho ulikuwa unagusa matope, na nikaandika matope, kwa uaminifu mkubwa. Mfereji wa bonde la pili nao ulikuwa umekauka, ukabaki mchanga, na wanawake wakawa wanachimba mashimo kwenye mchanga ule, mtu anashuka ndani na kibuyu anakwangua, anampitishia mwenzake aliye juu. Kila siku shimo lilizidi kina. Mimi nilikuwa naletewa maji ya kunawa chumbani. Leokadia aliyaleta, akiyaweka chini anasema, "Nawa, mwenyeji, utaoza." Mwishoni mwa mwezi Daktari alinipeleka Mbeya kuwasilisha matokeo mbele ya wataalamu. Nilisimama nikaonyesha mchoro wa zile siku tisa zinavyopanda kama ngazi. Nilipigiwa makofi. Nikaenda sokoni nikamnunulia Leokadia kitenge cha rangi ya ulezi ulioiva, na sabuni ya kuogea mtoto.

Wakati wa kurudi basi lilisimama Laela. Mama mmoja wa kijijini kwetu alikuwa pale anauza mahindi ya kuchemsha kwa abiria, akaniona dirishani. Nikamsalimia, nikamwuliza za nyumbani. Hakuninyooshea hindi. Alinishika mkono kupitia dirishani akaushikilia mpaka kondakta akamkaripia. "Rudi haraka, mwanangu. Leokadia tumemzika jana." Shimo lilimwangukia. Alikuwa ameshuka yeye kwa sababu alikuwa mwembamba na shimo lilikuwa limekuwa jembamba. Basi likaondoka na mimi nikiwa bado nimetoa mkono nje.

Nilifika nyumbani jua limeegemea. Bibi Skolastika alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, Editha mgongoni kwake amefungwa kwa khanga ya mama yake. Waliniachia nafasi, nikakaa, nikalia kwa sauti kuliko wenye mtoto wao. Nilipotulia, Bibi akaniinamia sikioni. Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu. "Perpetua, uliandika nilivyokuambia?"

"Niliandika, Bibi."

Akatikisa kichwa polepole, akawageukia wenzake. "Mmesikia? Aliandika. Basi hawakusoma."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, ina lami, na nimepandishwa cheo humo njiani. Nilimaliza chuo na nikapata kazi ofisi za mjini, na ile taarifa ilinitangulia kila nilikokwenda kwa kuwa watu waliinukuu. Nimekula ugali wangu kwa zile siku tisa. Kijiji kilikuja kupata kisima cha pampu miaka mingi baadaye, na mimi ndiye niliyepigania, watu wakanishukuru, na Bibi akaniombea baraka mbele ya mkutano. Niliziona baraka zile zinanikaa mwilini kama nguo ya mtu mwingine. Kila nilipokwenda kumsalimia, aliwaeleza wageni palepale habari ya wakubwa wasiosoma; alikuwa ameigeuza hadithi, na ndani yake mimi nilikuwa mtu mzuri. Nimehama nyumba tatu na kile kitenge, kimekunjwa kama nilivyokipokea kwa muuzaji. Siwezi kuwasikia wanawake wakicheka kisimani. Na bomba la nyumbani likikohoa asubuhi maji yanapokatika, kabla sijajizuia, namsikia mtu akiweka ndoo chini mlangoni mwa chumba: nawa, mwenyeji, utaoza. Siamini mizimu. Ila nanawa.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nasuzia sufuria siku ile ya saba. Chemchemi ilikuwa imefungwa tena, maana Bibi ndiye aliyekuwa ameshika ulinzi baada ya mumewe, na tawi lilikuwa njiani kama lile la kwanza. Siku ya nane nilijifanya nina mafua. Jioni yake niliingia chumbani bila kuitwa. Editha alikuwa anaandika kwenye daftari lake, na niliona kabla hajalifunika. Mistari minane ya siku nane, na kila mstari ameandika jambo lilelile kwa mwandiko wa kutulia: Msiba. Chemchemi imefungwa. Sikupima.

"Msimamizi wako hatakukasirikia?" nikamwuliza. Lilikuwa swali la kijinga.

"Atakasirika," akasema. "Ameshanipigia simu. Ameniambia naweza kupoteza ufadhili."

"Na utafanyaje?"

"Sasa nitafanyaje, mama mdogo? Sikupima."

Nikakaa kitandani, upande wangu wa zamani, nikamwambia. Nilimwambia nani alipima. Nilimwambia ya jiwe, ya mlango wa ofisi, ya Mbeya. Nilimwambia nilichomjibu bibi yake kwenye mkeka, na yeye akiwa mgongoni palepale. Nilipomaliza alikuwa anatazama ile picha ya Bikira Maria, upande uliooza. "Bibi amefariki anawalaani wale watu wa ofisini," akasema. "Jumamosi ile ya mwisho kabisa. Mimi namshikia kikombe, yeye ananiambia, soma sana, uende ukawe mtu wa kusoma wanachoandikiwa." Nikatoa kitenge kwenye begi. Nilikuwa nimekuja nacho, sijui nilitegemea nini. Hakukigusa. "Kesho asubuhi uteremke na sisi," akasema, na akalala kunipa mgongo. Nikalala pembeni yake, kitanda kilekile, wawili.

Asubuhi ya tisa kulikuwa na umande mzito. Tawi likaondolewa, wazee wakapita, wakasimama, wakatazama. Mwaka huu maji yalikuwa yamelivuka jiwe lote na mkanda wake, yametulia kama maziwa kwenye kata, na wazee wakaanza kuongea kwa sauti na kuulizana nani ameloweka ulezi wa pombe. Editha alipima. Aliandika. Wengine walipoanza kupanda alinishika kiwiko nisiondoke, akafunua daftari ukurasa mpya na kuchomoa kofia ya kalamu.

"Sema," akaniambia.

"Niseme nini? Umeona mwenyewe, yamefika."

"Ya mwaka huu nimeshaandika. Nataka ya mwaka ule. Bibi alikuambia uandike nini?"

Kule juu walikuwa wanaita jina lake, uji unapoa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina ubao mkononi, na mama mwenye macho yaliyovimba ananitazama.

"Maji hayajafika jiwe," nikasema.

Aliandika polepole, herufi kubwakubwa, kama anamwandikia mtu asiyeona vizuri. Akaweka mwaka ule. Akaweka jina la Bibi kama msemaji, kisha akanigeuzia daftari na kunipa kalamu. Nikatia sahihi yangu chini. Akaupuliza wino ukauke, akafunga, akatumbukiza ndoo, akajitwika akapanda zake na maji ya kwanza. Hakunisubiri. Mimi nilibaki pale, na baada ya muda nikagundua kwamba ameniachia ubao wake wa kupimia niubebe.